Mbwa wa Mwalimu Jairo

Butimba, Mwanza
9 Machi 2024

Mwanangu Akinyi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mpanda, wewe na wagonjwa wako. Mimi sijambo, isipokuwa masikio. Sasa hata la kulia limeanza kuniaga. Ukinipigia simu nasikia upepo tu, na meseji hazitoshi mambo ya nyumbani, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Bahasha nampa kondakta wa basi, ameahidi utaikuta ofisini kwao stendi.

Doria anaendelea vizuri. Tangu mama yako atutoke, mbwa huyu ndiye anayenisikilizia. Mtu akifika getini, Doria huja kunisukuma goti kwa pua, nami najua nina mgeni. Asubuhi namfungulia atembee, maana ua wetu ni mdogo. Akimaliza haja zake hurudi mwenyewe.

Hilo la haja limeleta maneno. Unamkumbuka Tereza, yule mama wa Ukerewe aliyepanga nyumba ya chini yetu? Anasema Doria anajisaidia uwanjani kwake, pale anapoanika dagaa juu ya nyavu kuukuu, na mjukuu wake Queen, ambaye kwa jina lake watu humwita Mama Queen, hucheza hapo hapo. Alikuja mara mbili kulalamika. Nilimwona midomo ikienda, sikupata neno. Basi akaandika kikaratasi akakipenyeza chini ya geti: "Mwarimu, naomba ufunge mbwa wako. Anakunya mbere ya mrango wangu na kuna mtoto."

Nilichukua kalamu nyekundu nikamsahihishia: Mwalimu, mbele, mlango. Nikamrudishia. Miaka thelathini na moja ya kushika chaki haitoki mwilini. Nadhani amenuna.

Kula vizuri, usiishi kwa chai kama wauguzi wenzako.

Ni mimi baba yako,
Jairo Otuoma


Mpanda
27 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nami namshukuru Mungu kwamba u mzima. Mimi sijambo, kazi ni nyingi, mvua nayo haituachi. Hilo la masikio limenihuzunisha. Nikipata likizo nitakuja tukapime.

Baba, nimesoma habari ya kikaratasi cha Mama Queen mara tatu, nikitafuta mahali unaposema ulimwomba radhi. Sikupaona. Mama wa watu amekuandikia kwa adabu, ametumia neno "naomba", nawe umemrudishia kama daftari la mtoto wa darasa la pili. Kule kwao ndivyo wanavyotamka. Hata bibi yetu kule Rorya alikuwa na maneno yake ya kutamka kombo, na hukuwahi kumsahihisha.

Sasa nakusemea kama muuguzi. Kinyesi cha mbwa si uchafu wa macho tu. Mbwa ana minyoo yake, na mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye udongo miezi na miezi, hata kinyesi chenyewe kikishakauka na kupotea. Mtoto huchezea udongo, mkono huenda mdomoni. Mwite bwana mifugo amchanje Doria na kumpa dawa ya minyoo. Na kila anapojisaidia, kiokote siku hiyo hiyo, ukichimbie au ukitie chooni. Ni kazi ya dakika moja, baba.

Naomba pia uende kwa Mama Queen. Yeye anafika kwako ukiwa humsikii, lakini wewe ukienda kwake atakusikia.

Mama angekuwepo, angekuwa ameshakwenda.

Binti yako,
Akinyi


Butimba
15 Aprili 2024

Akinyi,

Salamu. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma. Nimefundisha walimu ambao wamekufundisha wewe, na sikujua kwamba uzee utanifikisha mahali pa kufundishwa kuzoa mavi. Mbwa wamekuwepo Butimba kabla ya Tereza kuja, na watoto wamekua. Mvua hizi zinaosha kila kitu mpaka ziwani.

Amenishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Chenge. Chenge alikuja na daftari lake, akaniandikia kwa herufi kubwa kwamba nimfunge mbwa au nizoe uchafu wake. Nilimwambia nimesikia. Sasa watu wa njia ya chini hawanisalimu, wanapita wakiangalia pembeni. Nami sijapungukiwa na kitu.

Unasema ni kazi ya dakika moja. Kila mtu anajua dakika zake.

Mama yako umwache apumzike.

Baba yako,
J. Otuoma


Mpanda
3 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo kwa mwili.

Nilikaa kimya kwa sababu barua yako iliniuma, nikaona heri nipoe kwanza. Leo naandika kwa sababu nyingine. Juzi nilipigiwa simu kwa namba nisiyoijua. Alikuwa Mama Queen. Namba yangu aliipata kwa Bwana Chenge. Nilidhani ananipigia kunigombeza, lakini hakunigombeza. Aliniuliza, "Wewe ni nesi, mwanangu. Hebu nieleze waliyoniambia hospitali, mimi sikuelewa."

Ni jicho la Queen, la kushoto. Tangu mwezi wa pili lilikuwa linakwenda kombo, wakadhani ni mchezo wa kitoto. Kabla ya Pasaka mwalimu wake wa chekechea akagundua kwamba ukimziba la kulia, hashiki penseli uliyomwekea mbele. Ndani ya mboni kumeonekana weupe. Mama Queen alimpeleka kliniki, wakampa rufaa kwa daktari wa macho. Daktari wa macho akauliza kama nyumbani kuna mbwa. Mama Queen akasema hakuna.

Akauliza tena: na kwa majirani?

Nilimweleza, baba. Nilimweleza kwamba mtoto akimeza mayai ya minyoo ya mbwa, kidudu kinaweza kuzunguka mwilini mpaka kikafika jichoni. Haitokei mara nyingi. Dawa wamempa, ila mahali palipoharibika ndani ya jicho hapatengenezeki. Aliniuliza kama ni Doria. Nilimjibu kwamba hakuna anayeweza kujua, mbwa wanaozurura Butimba ni wengi, na udongo hauandiki jina la mwenye mbwa.  Halafu akasema, "Wengine hawana geti, nitawashtaki wapi? Mwalimu analo geti."

Akanishukuru, akakata simu.

Ulikuwa unajua habari za jicho hili? Sikuandikii ili nikuhukumu. Nataka tu unijibu wewe mwenyewe.

Binti yako,
Akinyi


Mpanda
8 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Zaidi ya mwezi sasa. Kondakta ameniapia kwamba alikukabidhi mkononi. Bwana Chenge ananiambia anakuona ukimwagilia mchicha, basi najua u hai. Tafadhali andika, hata mstari mmoja.

Akinyi


Butimba, Mwanza
2 Agosti 2024

Mwanangu Akinyi,

Nakusalimu sana, na kabla sijakuuliza hali yako naomba unisamehe ukimya wangu. Mimi sijambo. Natumaini nawe hujambo na kazi inakwenda.

Umeniuliza kama nilikuwa najua. Nilijua. Siku Tereza aliporudi kutoka hospitali alikuja na mtoto mpaka getini. Doria alinisukuma goti, nikatoka. Sikuhitaji masikio. Alimziba mtoto jicho moja kwa kiganja, akanyoosha kidole mbele yake akakipeleka huku na huku. Mtoto alikuwa akitazama ukuta. Kisha akambeba, wakateremka. Hilo sikuweza kukuandikia.

Kuna lingine nililokuficha muda mrefu zaidi. Mwaka jana, mwezi wa kumi, niliteleza bafuni nikaanguka kwa mgongo. Tangu siku hiyo siwezi kuinama. Viatu navaa vya kutumbukiza. Kitu kikidondoka kinabaki chini mpaka apite mtu, na akipita naona haya kumwomba. Mchicha namwagilia nimesimama, kuupalilia nimeshindwa, majani yameumeza. Ulipoandika kwamba ni kazi ya dakika moja, siku hiyo jioni nilitoka na kipande cha bati kwenda uwanjani kwa Tereza. Nilifika nusu. Mgongo ukakatika kama kuni, nikasimama pale nimeshika ukuta wake mpaka jasho likanikauka, nikarudi. Niliona heri mtaa uniite mwenye kiburi kuliko uniite mzee aliyeisha. Kwa hiyo nikakuandikia barua ile mbaya.

Na ningeweza kumfunga Doria. Hilo halikuhitaji mgongo. Nilimfungulia kila asubuhi kwa sababu nilipenda kumwona akienda na kurudi, na kwa sababu sikutaka Tereza aonekane amenishinda. Sina maelezo mengine, mwanangu. Nimeyatafuta.

Jumamosi iliyopita Bwana Chenge aliitisha mkutano wa mtaa, habari za mbwa na uchafu. Nilikwenda. Watu waliongea sana, nami nilikuwa naona midomo tu. Getruda wa genge la nyanya alikuwa ananiandikia kwenye karatasi ya kufungia: wanasema mbwa wote wafungwe, wanasema mwenye mbwa alipe faini, wanasema wewe. Nikaomba kusimama. Nilidhani nina hotuba, lakini ilinitoka sentensi chache. Nilisema, "Mama Queen aliniomba kwa adabu nikamjibu kwa dharau. Mbwa ni wangu. Kuzoa sikuweza kwa sababu siwezi kuinama, na kusema siwezi kuinama niliona aibu. Mtoto amelipa aibu yangu."

Nikaketi.  Nilimtazama Tereza. Alikuwa amempakata mtoto, anamfunga kamba ya kiatu, na hakuinua uso.

Jumapili nilimwita Mashimba, mwanafunzi wangu wa zamani anayefuga ng'ombe Buswelu. Alikuja na pikipiki yenye kreti nyuma. Bwana mifugo alikuwa ameshamchanja Doria na kumpa dawa, lakini sikuona haki ya kubaki naye. Alipanda kreti bila ubishi, akidhani wanakwenda matembezi. Mashimba ananiandikia meseji kwamba amezoea, anashinda na ndama.

Sasa geti naliacha wazi mchana kutwa, kwa kuwa sina wa kuniambia nani amefika.

Baba yako,
Jairo


Mpanda
19 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia, kisha nikamshukuru Mungu kwamba umesema. Mimi ndiye binti yako na nesi juu yake, na nilikuambia dakika moja bila kukuuliza mgongo. Nisamehe na mimi.

Nimepata likizo mwezi wa kumi. Nakuja kukuchukua. Nyumba yangu ina chumba, hakuna ngazi, na hospitali iko jirani. Huwezi kukaa peke yako na geti wazi, husikii, huinami. Nyumba tutaipangisha.

Binti yako akupendaye,
Akinyi


Butimba, Mwanza
6 Septemba 2024

Mwanangu Akinyi,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Nimeamka vizuri, mgongo unauma kwa kadiri yake. Nakuombea afya.

Njoo likizo, nitafurahi sana, na hospitali tutakwenda. Lakini Mpanda sihamii. Nikiondoka sasa, mtaa utasema Mwalimu amekimbia, na watakuwa na haki. Queen anaitwa kliniki kila mwezi, na mwezi huu Getruda alimwomba Tereza kwa niaba yangu aniruhusu niwasindikize. Tereza alikataa. Nitaomba tena mwezi ujao. Akikataa, nitaomba unaofuata.

Nikueleze jambo la wiki hii, kisha nifunge.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimekaa kibarazani, nimegeukia mchicha. Nikashtukia mkono begani. Alikuwa Tereza, ameshika ndoo ya dagaa. Nilianza kuinuka, akanizuia. Nikamwonyesha sikio la kulia. Akainama akasema karibu kabisa, polepole, nami nikalipata kila neno:

"Sijakusamehe, Mwalimu. Nimekuja kuona kama umeamka."

Nikamwambia nimeamka. Akatazama bustani, akaangalia geti, akaondoka na ndoo yake.

Jumatano alikuja tena.  Alhamisi pia. Leo amefika nikiwa naandika barua hii, amesimama getini mpaka nimeinua mkono, ndipo akaenda.

Baba yako,
Jairo Otuoma