Mwisho Wako Sikuubadilisha

Yaya Neema, dada yangu mkubwa,

Tangu tukuzike, kikundi chetu cha michezo ya kuigiza kimebaki mikononi mwangu, mimi uliyenifundisha kusimama mbele za watu bila kuinamisha macho. Na tayari nimegombana na wakubwa. Usicheke.

Ni kwa ajili ya ule mchezo ulioutunga baada ya mwanao Dorika kupotea njiani, siku tuliyokimbia kutoka Djugu. Mwenyekiti wa kambi alikuja kwenye mazoezi akataka niubadilishe mwisho. "Bantu balishalia mingi hapa Bunia," akasema. "Mutoto arudie kwa mama yake, mambo iishe." Nikamwuliza kama ndugu yake aliyepotea njia hiyohiyo alirudi. Nilikosa adabu, najua. Lakini hasira zilinipanda, Yaya, maana wewe ulituambia kila mara, "Musibadanganye. Mwenye analia, mukae naye."

Jumamosi tukacheza kama ulivyouacha. Na unajua akina mama walikuja na nini? Kuni. Unga wa muhogo. Makaa. Tuliwaalika mchezoni, wao wakaja matangani! Nilidhani hawakuelewa, nikaanza kuwaeleza. Mama mmoja akatua kuni zake, akaniambia, "Wa kwangu alibakia kwa njia. Hatukumukalia matanga." Nikamsaidia kuzipanga kuni.

Walilia, Yaya, hata mwenyekiti, kule nyuma kabisa, kofia usoni. Kisha wakawasha moto, wakasonga bugali, wakaanza kutaniana nani alilia vibaya kuliko wengine. Sijapata kuwaona watu wa kambi hii wakila kwa hamu namna ile. Sasa anayesema mchezo wa huzuni unaua watu, aje aniambie mimi. Kinachowaua ni kulia peke yao, kila mmoja chini ya turubai lake.

Kesho yake mwenyekiti akatufungia ukumbi. Labda aliona haya. Na afunge! Uwanja hauna mlango, na wiki ijayo tunacheza hapo. Nafasi yako ya kuigiza mama nimeichukua mimi. Nikifika kwenye maneno yako nalia kweli, wenzangu wanangoja, halafu naendelea.

Lala, Yaya wangu. Watanisema, watanitisha, na mimi nitacheza. Nakuahidi: mtoto wa mchezo sitamrudisha mpaka nimwone Dorika akiingia Bunia kwa miguu yake mwenyewe.

Mdogo wako,
Esperance