Kamati Tatu za Barabara Moja

Jumatatu, 4 Machi 2024. Mount Druitt, Australia.

Miaka ishirini na minane tangu nitoke kwetu. Nimechemsha chai, nimemeza dawa ya presha, nimefagia majani mlangoni. Binti yangu Furaha amerudi kutoka zamu ya usiku kwa wazee anaowatunza. Amelala na viatu.

Kwenye simu, ujumbe wa Mama Sifa. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya barabara ya Kalembwe, kijiji changu, kule chini karibu na ziwa. Serikali inataka kubadili utawala wa vijijini. Kamati za barabara zivunjwe, kazi yote iende ofisi moja wilayani. Tume itapita baada ya Pasaka kusikiliza maoni. Anaomba niandike maoni ya kamati tatu: Kalembwe chini, Misenge katikati, Lukoma juu mlimani. Barabara ni moja ya udongo, kila kijiji na kipande chake. Zamani nilikuwa katibu wa kamati yetu, nikiwa bado nafundisha.

Nitaandika. Nimefurahi kupita kiasi na ninalijua hilo.

Jumatano, 6 Machi

Maktaba asubuhi, meza ya dirishani. Kalamu imekwenda yenyewe.

Ofisi ya wilaya ni mwendo wa siku nzima. Mtaro ukiziba leo, kesho ukingo unaporomoka. Kantoniye wa kijijini, yule anayelima mitaro, anaupita mtaro wake akienda shambani. Hahitaji kuandikiwa barua. Halafu kuna bariere ya mvua: gogo linalolazwa barabarani mvua ikinyesha, magari yasubiri hadi udongo ukauke. Lori moja likipita kwenye tope, barabara imekwisha kwa msimu mzima. Nani atatoka wilayani kuja kulaza gogo?

Nimemalizia: kamati zote tatu zinakataa. Imekaa vizuri. Nimempelekea Mama Sifa.

Jumamosi, 9 Machi

Safari amekuja kutoka Rooty Hill. Ni mdogo wa marehemu mke wangu, anafanya kazi ghalani Seven Hills. Amesoma maandishi yangu akicheka.

"Shemeji, unaandika kama mtu mwenye tope miguuni. Wacha serikali ikamate barabara. Huku council, serikali ya mtaa, wanakuja na mashine, shimo linafungwa, biashara imekwisha. Wewe unalilia salongo?"

Nimemtoa nje nikamwonyesha shimo lililo mbele ya nyumba yetu. Lipo tangu Krismasi.

"Hilo dogo," akasema.

"Mwaka jana lilikuwa dogo zaidi."

Amemaliza mandazi yote akaenda zake. Amenikera. Salongo si wimbo wa kizee. Ni kazi ya kijiji kizima: watu kutoka nyumba zao siku moja, na majembe, kwa sababu barabara ni yao.

Alhamisi, 14 Machi

Mama Sifa amepiga. Misenge wamekubali maandishi. Lukoma wameyakataa. Bwana Wilondja, mwenyekiti wao, anataka ofisi ya wilaya, na anaitaka hata kesho.

Sababu nimeisikia leo kwa mara ya kwanza. Msimu wa mvua uliopita gari lilikuwa likimteremsha mwanamke wa Lukoma mwenye uchungu wa kuzaa, kwenda hospitali. Likasimamishwa kwenye bariere yetu. Mlinzi hakuinua gogo. Amejifungulia garini, mvua inapiga bati. Mama na mtoto wako hai.

Wakati wangu gogo liliinuliwa kwa mgonjwa, bila neno. Nimemuuliza Mama Sifa kulikoni. Anasema wachuuzi walianza kupakia wagonjwa wa uongo. Mtu mzima anajifunika blanketi juu ya magunia ya makaa, analia "tumbo, tumbo", akishavuka anashuka kununua bia. Walinzi wakachoka. Wakafunga kwa kila mtu.

Na hakuna mtu wa Kalembwe aliyepanda Lukoma kuomba radhi. Hakuna hata mmoja.

Nami nimeandika "zote tatu" bila kuuliza ile ya tatu. Nimeona haya. Bila Lukoma, tume itasema vijiji vyenyewe havielewani, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya ibada, ujumbe mwingine. Kamati tatu zitakutana Jumamosi kule Misenge, siku ya salongo. Desturi ni ileile: watu wanalima kwanza, kisha maneno yanasemwa mtaroni, jembe mkononi. Asiyelima hasemi.

Wilondja ametuma neno. Wa Kalembwe hamwamini yeyote, isipokuwa Mwalimu, ndiyo mimi. Mwalimu arudi, aongoze kamati zote tatu kama kitu kimoja, na Lukoma watabaki pamoja nasi. Mama Sifa ameongeza yake: yuko tayari kunipisha. Kiwanja cha kunijengea nyumba kipo. Watatangaza Jumamosi nikisema ndiyo.

Safari alikuwa hapa. "Tiketi tutachanga, shemeji. Kanisa zima litachanga. Unarudi kama mheshimiwa!" Hakuwa akitania.

Furaha alikuwa anaosha masufuria. Baadaye: "Papa, utaenda?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta masufuria.

Jumanne, 19 Machi

Nataka kwenda. Niandike hivyo, bila kuzunguka. Nataka mtu anisalimie barabarani kwa jina la baba yangu.

Nimepanda treni hadi Seven Hills bila sababu, nikarudi. Njia nzima nilijaribu kuipitia barabara yetu kichwani. Kutoka ziwani hadi daraja la kwanza, sawa. Kona ya mfinyanzi mwekundu, sawa. Halafu nikakumbuka Mama Sifa aliniambia maji yamehama, sasa yanakata barabara upande mwingine, na mizigo mingi inabebwa na pikipiki. Barabara niijuayo haipo tena. Mwenyekiti wa kamati hutoka mvuani, anatazama udongo, anasema laza au inua. Mimi ningeuliza watu.

Magoti yangu ni mabovu, lakini sababu si magoti.

Na kuna jambo linalonikasirisha. Mama Sifa ameishika hiyo kazi miaka kwa miaka, kwa mvua na kwa vita. Sasa anipishe mimi kwa kuwa ni mwanamume, nilishika chaki, na natoka ng'ambo? Hapana.

Nimempigia. Nimemwambia nyumbani siendi, kiti sikitaki, na maandishi yangu asiyasome mkutanoni. Apande Lukoma yeye mwenyewe kabla ya Jumamosi. Aende kwa yule mama aliyejifungulia garini, si kwa Wilondja kwanza. Aombe radhi.

"Pikipiki ya kwenda huko ni ghali, Mwalimu."

"Nenda kwa miguu. Wakuone ukipanda."

"Wewe uko Australia unakula nyama, unanituma mimi kwenye mlima!" Alicheka. Kisha akasema ataenda.

Ijumaa, 22 Machi

Hakuna habari. Mtandao wa huko umekatika. Nimepiga tena na tena. Nimepalilia maharage yasiyohitaji kupaliliwa.

Jumamosi, 23 Machi

Saa kumi na moja jioni kwetu hapa, asubuhi kule. Wamenipigia kutoka mtaroni. Simu ikashikwa na katibu wa Misenge. Nilisikia majembe kwanza. Halafu sauti nzito ya Wilondja:

"Huyo wa kwenye simu amelima wapi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Hajalima," Mama Sifa akajibu. "Atasikiliza tu."

Imeniuma. Ni haki.

Mama Sifa alipanda Lukoma Alhamisi, kwa miguu, na kitenge cha mtoto. Wilondja alimpima mbele ya wote: "Mtoto anaitwa nani?" Akamtaja. Akamtaja na bibi yake. Halafu Wilondja akasema huyu mama alifika kwake miguu imevimba, hakukaa mpaka alipoambiwa akae, na hatamvunjia heshima kwa kumtaka mwenyekiti mwingine.

Wakabishana muda mrefu. Wamekubaliana hivi. Madaraja na mashine, ofisi ya wilaya ichukue, vijiji haviwezi. Mitaro na bariere zibaki kwa kamati. Kwenye bariere ya Kalembwe walinzi wawe wawili, mmoja wa Lukoma. Mgonjwa ainuliwe gogo bila maswali.

"Na mgonjwa wa uongo?" mtu akauliza.

"Alime mtaro wiki nzima," akasema Wilondja, "na blanketi lake mgongoni."

Ni maoni bora kuliko yangu. Hayakunipitia akilini hata kwa mbali.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka.

Wameniomba niyaandike safi. Nimeyaandika kwa maneno yao. Palipokuwa na neno langu zuri nimelifuta. Safari amesoma, amekuna kichwa. "Hii sasa hata mimi naiunga mkono." Nimepeleka.

Jumamosi, 13 Aprili

Tume imepita juzi. Mama Sifa amesema, Wilondja amesema baada yake, Misenge wakaunga mkono. Watu wa tume waliuliza maswali mengi kuhusu bariere na hawakuahidi kitu. Mama Sifa anasema wakivunja kamati, salongo itaendelea hivyohivyo, na waje waikataze wakiwa wamesimama kwenye tope. Naamini anavyosema.

Leo Wilondja amenipigia yeye mwenyewe. Anasema kiwanja bado kipo, njoo kiangazi, ukae nasi kama mzee wetu tu, bila kazi. Nimemshukuru kwa moyo wote. Nimemwambia hapana.

Furaha hana zamu leo. Tumepika sombe, majani ya muhogo ya kwetu, tumekula mapema, dirisha wazi. Akauliza yule aliyepiga alitaka nini. Nikamweleza. Akasogeza kiti karibu.

Mama yake amezikwa hapa. Sitarudi.