Nimechoka Mimi

Mwenzangu, tumefika salama, mimi na kasuku. Ila aibu niliyoipata kwenye basi, we acha tu.

Tundu lake nililifunika gubigubi kwa shuka, nikidhani gizani atalala. Kumbe namtisha! Basi likirushwa na mashimo, anapiga kelele. Ndizi hataki. Akaanza kujinyofoa manyoya, nikajua huyu simfikishi.

Halafu akasema. Kwa sauti yangu mimi, ile ninayoguna nayo nikiinuka jikoni: "Nimechoka mimi! Mungu wangu, nimechoka!"

Basi zima likageuka kunitazama. Kondakta akaja mbio: "Bibi, unaumwa?"

"Si mimi, mwanangu. Ni ndege."

Mmoja nyuma akadakia: "Na ndege kafundishwa na nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke! Lakini dereva, Mungu ampe maisha marefu, alisimamisha basi kivulini. Kondakta akatuhamisha kutoka juu ya tairi. Mama niliyekaa naye akafunua shuka upande mmoja, "akuone, bibi." Nikamsemesha kasuku polepole hadi akatulia, akala ndizi yote.

Stendi, binti yangu akanipokea. "Shikamoo mama. Umechoka?"

"Marahaba. Hata kidogo."

Tunduni: "Nimechoka mimi!"

Nimechoka mimi, mbele ya mwanangu!

Hakucheka, mwenzangu. Alichukua tundu, akachukua na mkoba. "Afadhali mmoja wenu anasema kweli."

Sasa nakuandikia nimejilaza. Jikoni nasikia sufuria, na hakuna anayeniita.