Kivuli Kwenye Mchanga wa Misri

Baba,

Mama yako bado alikuwa anakungoja urudi kutoka Misri.

Makosa ni yako. Wewe mpiga picha, maisha yako yote nyuma ya kamera, tulipotafuta picha ya kijitabu cha mazishi tukapata moja tu: umesimama mbele ya pazia la studio yako, lile ulilolichora piramidi, kofia kichwani, mikono nyuma kama mtalii aliyejilipia nauli. Wazee wa Uthiru wakaulizana pale makaburini ulienda Misri lini. Cucu, huyo mama yako, ambaye kumbukumbu zake siku hizi huja na kuondoka, akarudi nyumbani na jibu lake: hukufa, ulisafiri. Kila jioni aliniuliza, "Na huko Misri, anakula nini?" Nikawa najibu wali.

Nani angemwambia kwamba hukuwahi kufika hata Mtito Andei? Dunia nzima uliichora kwenye mapazia kutoka kwa picha za kalenda. Mnara wa Paris, Ukuta wa Uchina, maporomoko ya Niagara. Watu wa Kangemi na Mountain View walipanda ngazi zetu za River Road, wakasafiri kwa bei ya picha moja, wakatuma ushahidi nyumbani kwao.

Lakini piramidi ndizo ulizozipenda. Ulisema jangwa bila kivuli ni uongo, na taa zetu za studio hazikuweza kukileta. Basi mteja ukamchorea kivuli chake mapema, pale chini pazia linapotandazwa sakafuni, na kipimo ukakitoa kwako mwenyewe. Maharusi, makanisa mazima ya akina mama, watoto wa ubatizo, wote wakatoka Misri na kivuli cha mwanamume mwenye kofia. Aliyelalamika ulimwambia jua la kule ndivyo lilivyo.

Sasa nikifungua studio asubuhi, wewe hupo na kivuli chako kipo.

Naogopa, Baba. Wacha niseme tu. Nilikifunika kwa shuka, haikusaidia, kwa sababu nilijua kilicho chini yake. Nikimpiga mteja picha nilikuwa nachelewa kubonyeza, kana kwamba kuna mwingine hajaingia kwenye fremu. Na siku hizi kuna studio za kompyuta mtaa wa pili, mtu anachagua nchi kwa kitufe. Nikajiambia yatosha. Nikanunua rangi nyeupe nilifute pazia lote.

Jumamosi hiyo Cucu alikataa kubaki nyumbani. Nilimkalisha kwenye benchi, nikafungua mkebe, nikawa nakoroga. Nilipogeuka alikuwa ameinuka na shuka iko mkononi mwake. Alitazama piramidi, akatazama chini. Kisha akapiga magoti polepole, na magoti yake unayajua, akaweka kiganja pale kwenye kofia.

"Kumbe ni hapa umekuwa," akasema. "Na vile umekonda."

Nikaacha kukoroga. Alikaa naye kwa muda, akimpapasa mtu ambaye mimi sikumwona, halafu akanyoosha mkono nimwinue. Akasimama mahali pa mteja, akavuta kitambaa chake vizuri.

"Piga. Na hiyo rangi upeleke mahali ingine. Hapa kuna mtu."

Nilipiga. Picha imetoka safi. Ameiweka kando ya kitanda chake, na tangu siku hiyo hajaniuliza tena. Nilidhani nitapumzika. Badala yake, jioni nikipakua chakula, ni mimi ninayejikuta nikiwaza huko uliko unakula nini.

Rangi nimepaka mlango. Shuka nimeirudisha nyumbani. Bado naogopa, lakini asubuhi nakusalimu kwanza ndipo nawasha taa. Wateja wakiisha, wakienda wote kwa kompyuta, kila siku kabla ya kufunga nitakuja kusimama hapo mwenyewe, ili kivuli chako kisilale bila mtu.

Lala salama, Baba.

Binti yako,
Nyambura