Nilimwambia Watamfumua na Kumshona Upya

Shangazi mpendwa, nisaidie maana ulimi wangu umeniponza, mimi ni fundi cherehani na mume wangu ni fundi wa kuezeka, au niseme alikuwa, kwa sababu mwaka jana aliteleza kwenye bati lililolowa akavunjika mfupa wa muundi, akawekwa chuma, akakaa na plasta mpaka ikatolewa, na hadi leo ule mfupa umegoma kuunga, anatembea kwa magongo ndani ya nyumba aliyoiezeka mwenyewe, na daktari wake ameanza kulitaja neno kukata, kwa upole, lakini amelitaja.

Sasa hospitali wana utafiti wa tiba mpya na wako tayari kumchukua, ila siku walipotuita mguu ulikuwa unamuuma akaniachia mimi nisikilize, nikasikia habari za uboho wa nyonga na seli shina na jeni, nikarudi nikamweleza kwa lugha ninayoijua, nikasema, "Watachota seli zako, watazifumua jeni, watazishona upya, halafu watakurudishia." Shangazi, hapo ndipo nilipoharibu. Aliitazama suruali niliyokuwa nimeifumua mezani, akaniuliza, "Na mtoto nitakayemzaa atakuwa wa kipimo cha nani?" Maana mtoto bado tunamtafuta. Mama mkwe akadakia kwamba mwanawe si kitambaa, na tangu hapo hospitali haitajwi humu ndani, nami nampenda awe na mguu au asiwe nao, lakini nikimwona anavyoyatazama mapaa ya watu dirishani naenda kulia chooni. Wanataka jibu wiki ijayo. Je, nimwambie tu ni sindano ya vitamini?

Fundi niliyeponzwa na ulimi

Pole, mwanangu. Pole kwa mguu huo, na kulia chooni uache, mwenye mguu yupo hapo sebuleni, kalie naye. Hiyo ya vitamini ifute kabisa kichwani. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ingeishia kwa nesi wa kwanza.

Ulieleza kwa mapenzi, lakini ulieleza na mkasi mkononi. Nimempigia daktari wa mifupa ninayemwamini, akacheka kidogo, kisha akanifafanulia. Seli shina ni seli changa ambazo hazijachagua kazi, zinaweza kuwa mfupa, zinaweza kuwa mafuta. Ndani yake zimo jeni zinazosukuma na jeni zinazozuia. Katika tiba kama hiyo, anasema, kwa kawaida hawafumui kitu: wanaituliza kwa muda ile inayozizuia seli zisijenge mfupa, halafu wanazirudisha palipovunjika. Wewe cherehani ikikaza uzi mno unafanyaje? Huchani nguo ya mteja. Unalegeza skrubu kidogo, mshono unakaa, baadaye unairudisha. Na seli zinazowekwa kwenye muundi kazi yake ni ya muundi, mtoto ana njia yake nyingine, nawe unaijua.

Ila huo ni utafiti, si muujiza. Unaweza usifanikiwe, na unaweza kuwa na madhara. Kwa hiyo usimbembeleze wala usimwamulie. Ombeni kukutana na daktari kabla ya wiki kwisha, mwende na mama mkwe pia, maana yule anaogopa kama mzazi yeyote, wala si adui yako. Mume wako aulize mwenyewe ni jeni gani itatulizwa na kwa muda gani, habari ya mtoto aiulize wazi bila aibu, na aulize mguu utabaki katika hali gani tiba ikishindwa. Wewe siku hiyo, tafadhali, funga mdomo. Fundi wa kuezeka hapandi kenchi ya paa kwa kuambiwa ni imara, anaigonga mwenyewe kwanza.

Akishasikia yote kisha akakataa, mheshimu, mguu ni wake. Lakini mpaka sasa hajakataa tiba, mwanangu. Amekataa maneno yako.

Leo ukimaliza kusoma hapa, ishone ile suruali, uikunje, uiondoe machoni pake. Kisha keti karibu naye umwambie, "Nilikueleza vibaya. Twende ukasikie mwenyewe."