Zimwi Limepona Mguu?

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila mama bado hasimami. Barua nimeipata: kurasa nne za mchezo wenu wa dadu, ule wa kujitungia mashujaa mezani, jinsi shujaa wako wa kubuni, uliyemwandikia "mwema" kwenye karatasi yake, alivyolibeba zimwi lililovunjika mguu akalivusha kinamasi. Hongera. Wema wa kukaa kitini hauumizi kiuno. Mimi namnyanyua mama kitandani hadi chooni mara sita kwa siku. Kuhusu kuja kunipokea zamu, hukuandika hata neno.

Nilimsomea mama. Akadhani ni kweli, akalia kwa furaha. "Mwanangu ana moyo," akasema. Sikumsahihisha.

Kila asubuhi ananiuliza kama zimwi limepona. Njoo umjibu mwenyewe.

Dada yako, mwenye kiuno