Kugo, Madoa Bado Anacheua

Kugo,

Nimeongea. Naanza na hilo kwa sababu nikichelewa kulisema nitapasuka. Mimi, mjukuu wako Jepkoech, yule ambaye kanisani akiambiwa asome mstari mmoja tu sauti inapotea, nimeongea mbele ya wazee wote wa boma na sikulia. Sawa, nililia kidogo, lakini baadaye, nyuma ya zizi, na aliyeniona ni ng'ombe wetu Madoa peke yake.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kiingereza ni cha insha za shule, na lugha yetu naiongea vizuri lakini nikiiandika naona aibu. Halafu Kiswahili ndicho mlikuwa mnaongea na jirani yako Baba Wambui pale kwa ua, wewe na chako cha kukwaruza, yeye na chake cha Kikuyu, mnabishana juu ya mbolea mpaka chai inapoa. Huyo Baba Wambui nitamfikia. Ngoja kwanza nikueleze kwa mpango.

Tangu uende, Baba ameweka mabati mapya jikoni. Kule chini ulikokuwa unachungia kumejengwa nyumba za kukodisha, Kiplombe sasa ni kama mjini. Nyanya bado analala upande wake wa kitanda na upande wako anautandika vizuri kila asubuhi. Na mimi nimeacha nyama.

Usicheke. Najua mtoto wa Kalenjin kuacha nyama ni kama kukataa kukimbia. Ni mambo ya klabu ya mazingira. Mwalimu alitupeleka Timboroa kupanda miche, na kule juu akatuonyesha mlima ambao nusu yake ni msitu na nusu nyingine imenyolewa, imekuwa malisho. Akatuambia ng'ombe akicheua anatoa hewa ambayo inapasha dunia joto, na kwamba nchi nyingine wanakata misitu mikubwa kuliko kaunti yetu ili watu wapate nyama kila siku. Wenzangu walicheka sana hiyo ya hewa. Mimi nilikuwa nimeshika mche wangu nikafikiria mvua inavyotuchezea siku hizi, Baba anapanda na kupanda tena. Nikaamua. Lakini unanijua, sikumwambia mtu. Nyumbani nilikuwa naficha nyama chini ya ugali, halafu nampelekea Simba. Mama akaanza kushangaa huyu mbwa ananenepea nini.

Basi likaja suala la maombi ya kukukumbuka. Wazee walikaa sebuleni kupanga, na Baba akatangaza kwamba amempigia Baba Wambui simu huko Nyandarua na amekubali kuja. Kugo, yeye mwenyewe. Hajawahi kukanyaga hapa tangu zile vurugu za uchaguzi. Hata kukuzika hakuja, alisema miguu ilikataa. Anko Kiptoo akasimama akasema mgeni kama huyo lazima achinjiwe, aangushiwe ng'ombe, kwa sababu mgeni ambaye hajaangushiwa kitu ni mpita njia tu. Wote wakaitikia. Akasema Madoa sasa ni mzee, maziwa yake hayajazi hata kikombe, huyo ndiye wa kuanguka.

Nilikuwa nagawa chai. Nikaacha kikombe cha Anko nusu, birika bado mkononi.

Madoa, Kugo! Madoa yule wa Baba Wambui mwenyewe. Wakati wa vurugu nilikuwa mdogo, shule sijaanza, lakini nakumbuka. Nakumbuka moshi. Nakumbuka ua limevunjwa na nyumba ya kina Wambui haina mlango. Wao walikuwa wameshakimbilia mjini na nguo za mwilini. Ng'ombe wao walichukuliwa na vijana, wakapelekwa mtoni, na siku zilizofuata huko chini kulichomwa nyama ambayo haijawahi kuonekana Kiplombe. Watu walipita na mapaja mabegani. Harufu ilipanda mpaka kwetu, na mimi mtoto, nikalia nataka. Wewe ulikuwa umeketi mlangoni. Ndama mmoja mwenye madoa alikuwa amepotea akaingia kwetu, ukamfungia katikati ya wetu. Ukanipakata, ukanipa maziwa ya mursik kwa kikombe chako, na ukasema, "Hiyo ni ng'ombe ya jirani. Kwangu hailiwi."

Tangu hapo hukula nyama. Kila sherehe sahani ikija ulisema meno, meno yanauma, mpe mtoto. Na wote waliamini. Mimi pia niliamini mpaka siku ile nimeshika birika.

Nikasema, "Anko, Kugo hakuwa na shida ya meno."

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Anko akaniuliza nasema nini. Nikamwambia mtu mwenye meno mabaya hatafuni mahindi ya kuchoma, yale magumu ya mwisho wa msimu, na Kugo aliyatafuna mpaka mwaka aliotuacha. Nikasema alikataa nyama kwa sababu ya ng'ombe wa Baba Wambui. Sasa sisi tumwite Baba Wambui mpaka hapa tumlishe aliyebaki? Halafu kwa vile mdomo ulikuwa umefunguka nikashindwa kuufunga, nikaingiza na Timboroa, na mvua, na hewa ya ng'ombe, nikasema hata mimi nimeacha, muulizeni Simba.

Hapo Anko alinicheka. Akauliza kama ni ng'ombe wa Kiplombe akitoa hewa ndio mito inakauka, ila yeye alitumia neno ambalo siwezi kukuandikia wewe. Wakacheka wote. Akasema tukiacha ng'ombe tutakuwa watu gani, na hapo, Kugo, ana haki kidogo. Samadi ya Madoa ndiyo inakuza mahindi yetu. Na wale wa kule bondeni kwenye joto, ambako maharagwe hayaoti, mbuzi akiondoka watakula nini? Sijui kama dunia nzima inafaa kuacha. Nilitaka kukaa chini, ardhi ipasuke inimeze na birika langu.

Ndipo Nyanya akaongea. Alikuwa kwenye kiti chake cha kona, tukidhani anasinzia. Akasema polepole, "Mtoto amesema kweli. Meno ilianza wiki ile ya moshi." Anko akavua kofia akaishika magotini, na nikakumbuka kwamba wakati ule yeye alikuwa kijana kama wale wa mtoni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akanyoosha kikombe, nikamwongeza chai, na mambo ya Madoa yakaisha hapo.

Sasa skia siku yenyewe. Tulipika maharagwe, mboga za managu, chapati mpaka mikono ikauma, na mursik wa Nyanya ukatoka kwa vibuyu vyote. Anko alichinja kuku. Nilipomwangalia akaniambia kuku si nyama, kuku ni ndege. Nimemwachia hiyo, tutaongea siku nyingine.

Baba Wambui alikuja na gunia la waru, viazi vya Nyandarua, begani, mzee wa nywele nyeupe, akasimama pale ua lilipokuwa. Alisimama sana. Watu wote wakawa wanaogopa kwenda. Kugo, mimi ndiye nilienda. Nikamshika mkono, nikamwambia shikamoo, nikamwambia kuna mtu anakungoja kwa zizi.

Madoa alikuwa amelala anacheua, macho yamefumba nusu. Baba Wambui alipiga goti kwenye samadi na suruali yake ya suti. Akampapasa kichwa, akaguza lile doa jeupe kati ya macho, akasema, "Paji la mama yake." Halafu akaniambia kitu ambacho hukuwahi kutuambia. Kwamba ulimpigia simu akiwa bado kambini kwa waliokimbia, ukamwambia una kitu chake, na akakujibu hataki kurudi kuchukua chochote, mkile tu. Na ukamwambia hutakula, hata akichelewa namna gani. Alisema aliweka simu chini akalia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu wa huku kumwambia kwamba atarudi.

Anko Kiptoo alikuja akasimama nyuma yetu na kofia mkononi. Akamwambia amchukue Madoa, atatafuta gari mwenyewe amfikishe mpaka Nyandarua. Baba Wambui akatikisa kichwa. Akasema, "Mkae na yeye. Lakini nitakuwa nakuja kumwangalia."

Kugo, umeskia? Nitakuwa nakuja. Kama tungemwangusha angekula, angeshukuru, angeenda, na ingekuwa imeisha. Sasa anarudi baada ya mavuno, amesema atakuja na Wambui. Usiku huo sikulala kwa furaha, nilikuwa naisema tu hiyo sentensi.

Ijumaa tuna mdahalo shuleni, kama watu waache kula nyama kwa ajili ya mazingira, na nimeandika jina langu upande wa kuacha. Kwa mkono wangu mwenyewe. Nitasema ya Timboroa, na nitakubali kwamba wako watu ambao hawawezi. Halafu nitawaambia namjua mzee mmoja aliyeacha kabla hata sijajua neno mazingira, na sababu yake ilikuwa jirani, na mimi siku hizi nikiufikiria ule mlima ulionyolewa naona ni jambo lilelile, kitu unachojua ni cha mwingine hakiliwi. Nitashika meza.

Pumzika sasa, Kugo, na meno yako yote mazima. Madoa haangushwi na mtu. Siku uzee ukimchukua, simu ya Nyandarua nitaipiga mimi, na nitaongea kwa sauti mpaka anisikie.

Mjukuu wako,
Jepkoech